Namna ya Kuutangaza Mvinyo Wako kwa Wanywaji wa Nchi za Nje

Kazi yangu ni kuwatafutia wazalishaji wa mvinyo masoko ya nje, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la matangazo: tuweke picha gani Instagram, tumlipe nani atusemee. Swali hilo lina mahali pake, ila ni la hatua ya saba. Mnywaji wa nchi nyingine hakujui, haijui zabibu yako, na pengine hawezi hata kulitamka jina la bonde lililoandikwa kwenye lebo. Yuko mbele ya rafu yenye chupa mamia na ana nusu dakika ya kuamua. Anayeamua naye ni yule wa mwisho kumsemesha: mwuza duka, mhudumu wa mgahawa, au lebo yenyewe. Hatua zote zifuatazo zina lengo moja, kwamba huyo wa mwisho awe na sentensi moja iliyo wazi ya kusema kuhusu mvinyo wako.

Hatua ya 1: Chagua soko moja na uujue mlango wake

Usiniambie unataka kuuza "Ulaya". Kwa mtu wa mvinyo hakuna soko linaloitwa Ulaya. Nchini Sweden, mvinyo wa kupeleka nyumbani huuzwa na shirika la serikali, Systembolaget. Shirika hilo hutangaza lenyewe linachokitaka: aina fulani, kutoka eneo fulani, kwa bei ya kiwango fulani. Waagizaji hupeleka sampuli, nazo huonjwa lebo zikiwa zimefichwa. Norway nayo ina shirika la namna hiyo, Vinmonopolet, na Finland ina Alko. Ukivuka kwenda Uingereza, wenye sauti ni supamaketi. Marekani nako, baada ya marufuku ya pombe kufutwa mwaka 1933, ulijengeka mfumo wa ngazi tatu: mwagizaji, msambazaji, mwuzaji wa rejareja. Tena kila jimbo lina kanuni zake, na kibali cha New York hakikufungulii Texas.

Kabla ya kutumia hata senti moja, andika majibu ya maswali manne kuhusu soko ulilochagua. Nani anaruhusiwa kuingiza? Nani anamwuzia mnywaji? Ushuru unahesabiwaje? Na matangazo gani yamekatazwa?

Hilo la mwisho watu hulirukia juu juu, halafu linawagharimu. Norway ilipiga marufuku matangazo ya pombe mwaka 1975, Lithuania mwaka 2018. Ufaransa, nchi ya mvinyo kweli kweli, ina sheria ya matangazo ya pombe iitwayo Loi Évin, ya mwaka 1991: televisheni hairuhusiwi, na tangazo linaloruhusiwa lishikamane na habari za bidhaa yenyewe, yaani ilikotoka, ilivyotengenezwa na ilivyo, pamoja na onyo la afya. Ukiwa umeshalipia kampeni moja ya "dunia nzima", hapo ndipo utakapojua kwamba hakuna kitu kama hicho.

Maoni yangu: mzalishaji mdogo asianze na nchi, aanze na mji. Maduka kumi na mawili yanayokujua ndani ya mji mmoja yana faida kuliko chupa moja moja zilizotawanyika nchi nzima.

Hatua ya 2: Anzia bei ya rafuni, kisha rudi nyuma

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mzalishaji hupanga bei yake ya kiwandani, kisha anaisubiri ifike dukani yenyewe. Tufanye hesabu ya mfano. Chupa inatoka kwako kwa euro 3. Usafiri na bima, senti 40. Ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa kwa pamoja, tuseme euro 1.60. Imeshafika 5. Mwagizaji anataka asilimia 30 ya bei atakayouzia, kwa hiyo anaiuza 7.14. Duka nalo linataka asilimia 30 yake: 10.20. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na mnywaji anaikuta rafuni kwa euro 12.24.

Sasa angalia ubaya wa jambo hili. Ukiamua kuongeza senti 50 tu kule kiwandani, kwa asilimia zile zile bei ya rafuni inapanda kwa euro 1.22. Pengine chupa yako imehama rafu, imekaa na mivinyo ambayo haiwezi kushindana nayo, na wewe hujui ni kwa nini imeacha kutembea.

Basi nenda dukani (au fungua tovuti za maduka ya huko), tafuta chupa tano au sita ambazo mnywaji angezichukua badala ya yako, andika bei zake, kisha fanya hesabu kwa kurudi nyuma hadi mlangoni kwako. Kama kinachobaki hakikulipi, soko hilo si lako kwa sasa. Angalia pia namna ushuru unavyokokotolewa. Uingereza ilibadilisha mfumo wake Agosti 2023, na tangu Februari 2025 mvinyo hutozwa kwa kufuata nguvu ya kileo, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 11 hulipa kidogo kuliko wa asilimia 14. Kwa chupa ya bei ya chini, tofauti hiyo inaonekana rafuni.

Hatua ya 3: Andika sentensi yako

Chukua Malbec. Zabibu hiyo asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, lakini mnywaji wa kawaida akiisikia anafikiria Argentina na sahani ya nyama ya kuchoma. Waargentina walirudia jambo moja kwa miaka mingi, na tangu 2011 wameipa hata siku yake, 17 Aprili. New Zealand nayo ilijitambulisha duniani kwa mvinyo mweupe wa zabibu ya Sauvignon Blanc kutoka eneo la Marlborough, ingawa inazalisha mengine mengi mazuri. Ni nchi nzima hizo, na zilikubali kuanza kwa kusema jambo moja. Kiwanda kimoja kitayasemaje kumi?

Sentensi mbovu ni hii: "Mvinyo wa hali ya juu unaotengenezwa kwa mapenzi na familia yenye historia ndefu." Kila mtu anaisema, na mnywaji haimhusu. Sentensi inayofanya kazi ni ya namna hii: "Mvinyo mweupe mkavu kutoka shamba lililo mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya usiku huilinda zabibu isipoteze uchachu, unakata vizuri mafuta ya samaki wa kukaanga." Imetaja mahali, imetoa sababu, na imemwambia mtu atakachokisikia mdomoni.

Ipime hivi. Msomee mtu asiyejua mvinyo, mwulize kesho yake anakumbuka nini. Halafu jiulize kama jirani yako mwenye kiwanda anaweza kuitumia bila kubadilisha neno. Akiweza, iandike upya.

Na usimsifie mtu harufu ya tunda ambalo hajawahi kuliona. Kila soko lina matunda, viungo na mapishi yake. Muulize mwagizaji au mpishi wa huko akuchagulie mfano. Chakula chao kikiwa na pilipili nyingi, usiwapelekee mbele mvinyo mwekundu wenye tanini kali (ule ukakasi unaokausha mdomo) na kileo kingi, maana vyote viwili huuzidisha mwasho. Tanguliza mwepesi, wenye utamu kidogo.

Hatua ya 4: Lebo na jina

Sheria kwanza. Sulfaiti, yaani kemikali za kuhifadhi mvinyo, zikizidi miligramu 10 kwa lita, lazima zitajwe, Marekani na Umoja wa Ulaya pia. Marekani inadai onyo la serikali kwa maneno yake kamili, na lebo hupitishwa na TTB, ofisi ya serikali inayosimamia pombe, kabla ya mzigo kuingia sokoni. Umoja wa Ulaya, kwa mvinyo uliozalishwa tangu 8 Desemba 2023, unadai orodha ya viambato na taarifa za lishe. Unaweza kuziweka kwenye ukurasa wa intaneti unaofunguliwa kwa msimbo wa QR, lakini kiwango cha nishati na vitu vinavyosababisha mzio vibaki kwenye lebo.

Kuna mtego hapo. Ukurasa huo wa viambato hauruhusiwi kuwa na maneno ya kuuza wala kukusanya taarifa za anayeufungua. Wengi huona msimbo uko tayari, wakauelekeza kwenye tovuti yao yenye duka, picha na fomu ya kujisajili. Ukitaka mnywaji afike kwenye tovuti yako, weka msimbo wa pili na uutenganishe na ule wa kwanza waziwazi.

Alama ya biashara isajili kabla ya kupeleka hata sampuli, hasa China, ambako kwa kawaida haki humwendea aliyewahi kusajili. Penfolds, kampuni ya mvinyo ya Australia, ilihangaika mahakamani kwa miaka mingi juu ya jina lake la Kichina. Jina la Kichina ulichague mwenyewe, usiwaachie wauzaji wakupe.

Kuhusu sura: lebo ya nyuma iwe na sentensi yako, joto la kunywea, na vyakula viwili. Basi. Hadithi ya babu iache kwenye tovuti. Chupa nzito ziepuke pia. Zinaongeza gharama ya kusafirisha, na wanunuzi wengi wa Ulaya ya kaskazini siku hizi wanauliza uzito wake.

Hatua ya 5: Mpate mwagizaji na umpe silaha

Soma orodha ya mivinyo yake kabla ya kumwandikia. Unatafuta pengo. Kama tayari ana mivinyo minne inayofanana na wako, wa tano wa nini? Barua pepe yako iwe fupi: sentensi yako, bei ya kiwandani, bei unayotarajia rafuni, idadi ya chupa zilizopo, na ombi la kupeleka sampuli. Maonyesho makubwa kama ProWein ya Düsseldorf au Wine Paris yanasaidia ukifika na miadi mkononi. Anayekaa kwenye banda akisubiri wapita njia huishia kuwaonjesha washindani wake.

Akikubali, usimkabidhi nchi nzima bila masharti. Andikeni eneo, muda, kiasi cha chini cha kununua kwa mwaka, na nani analipia matangazo. Kisha wafundishe wauzaji wake. Saa moja na watu watano wanaobeba chupa zako mtaani ina uzito kuliko bango.

Hatua ya 6: Onjesha

Kwa mvinyo usiojulikana, sijaona njia inayoshinda kuuweka mdomoni mwa mtu. Lakini kuna kuonjesha na kumwaga.

Hakikisha kwanza kwamba duka au jimbo linaruhusu. Chagua saa ambazo watu wananunua chakula cha jioni, si asubuhi ya katikati ya wiki. Mimina mililita 30 hadi 50. Chupa ya mililita 750 itakupa waonjaji 15 hadi 25, na hapo unajua uje na chupa ngapi. Mweupe uwe kwenye nyuzi 8 hadi 10, mwekundu 16 hadi 18. Mwekundu uliopata joto la taa za dukani hunuka kileo tu, na umepoteza siku. Fungua kila chupa na uinuse wewe kabla ya mteja, maana kizibo kibovu kimoja kinachonuka kadibodi mbichi kitawafukuza watu ambao hawatarudi kukuuliza sababu. Anza na wenye mapovu, kisha mweupe, kisha mwekundu, na mtamu mwishoni. Weka maji na ndoo ya kutemea.

Sasa maneno. Usiulize "Ungependa kuonja?" kwa sababu jibu rahisi ni hapana. Sema, "Leo jioni mnakula nini?" Akijibu kuku, unajua umwonjeshe upi na umwambie nini. Mpe glasi, sema sentensi yako, kisha nyamaza. Mwache ameze. Anayeonjesha huku anahutubia humnyima mtu nafasi ya kuupenda mvinyo mwenyewe. Chupa za kuuzwa ziwe kwenye meza ile ile, si rafu ya tatu kushoto.

Usimmiminie aliyekwisha lewa, na umri uuombe kwa kitambulisho hata kama foleni ni ndefu.

Hatua ya 7: Mitandao, wanahabari na medali

Sasa ndiyo Instagram. Lenga mji ule ule wenye maduka yako na umri unaoruhusiwa kisheria, na kila chapisho liseme chupa inapatikana wapi. Tangazo zuri la mvinyo ambao mtu hawezi kuupata ni kumpigia debe jirani. Anayekusemea kwa malipo aseme wazi kwamba amelipwa. Fuatilia Vivino, programu ya simu ya kutafuta na kupima mvinyo, kwa kuwa wanywaji wengi huipiga picha lebo wakiwa dukani. Hakikisha picha na maelezo yako huko ni sahihi. Medali ya mashindano ya mvinyo kama ya Decanter au International Wine Challenge humtuliza mnunuzi asiyekujua, basi shindania moja au mbili, usizikusanye.

Hatua ya 8: Hesabu oda ya pili

Oda ya kwanza huujaza ghala la mwagizaji. Inayokuambia kama mvinyo unanywewa ni ya pili. Kila mwezi omba orodha mbili: chupa zilizotoka kwa mwagizaji kwenda madukani, na maduka yaliyoagiza tena. Orodha ya kwanza ikipanda na ya pili ikikaa pale pale, chupa zimelala rafuni. Usishushe bei haraka, kwa sababu kuipandisha tena ni kazi ngumu. Piga simu kwenye maduka matatu ambayo hayajaagiza tena, uliza wauzaji wanausemaje mvinyo wako, na sikiliza kama sentensi yako imo. Kama haimo, rudi huko na chupa mbili za kuonjesha kabla ya mzigo mwingine kupakiwa.