Jinsi ya kumpa maua yake yule nesi mzoefu anayewashika mkono wenzake

Kila hospitali ina yule nesi mmoja. Cheo kikubwa hana, pengine wala sio inchaji wa wodi, ila jambo likigoma wote mnageuza shingo upande wake. Dripu haitembei, mtoto hapatikani mshipa, nesi mpya kajifungia stoo analia, ndugu wa mgonjwa kapandisha sauti koridoni, jina linaloitwa ni hilo hilo. Alafu zikitoka zawadi za mfanyakazi bora hayumo, maana kazi ya kuwalea wenzako kazini haina pa kuandikwa. Kwenye chati tunaandika dawa imetolewa saa ngapi na presha imesoma ngapi, hakuna mstari wa kuandika "leo nimemtuliza mwenzangu asiache kazi."

Mi ni nesi pia, na hili zoezi la kumshukuru mtu wa namna hii nimeshawahi kuliharibu vibaya, nitawasimulia huko chini.

Kabla hujachangisha hela wala kununua kadi, kaa chini ukumbuke tukio moja. Moja tu. Kadi za "asante kwa yote" anazo nyingi kwenye droo na hakumbuki ipi ilitoka kwa nani.

La kwangu ni hili. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, zamu ya usiku, kuna mzee mishipa yake imejificha kabisa, nimeshachoma mara mbili nimekosa, mikono inatetemeka na mzee ananiangalia kwa huruma, yaani mgonjwa ndo ananionea huruma mimi. Sista, ndo yule nesi mzoefu wa wodi yetu, akaja. Hakuninyang'anya vifaa, hakuguna, alimwambia tu mzee "tuupumzishe huu mkono kidogo," akalowesha kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akauzungushia mkono wa pili, akauteremsha ukaning'inia pembeni ya kitanda. Tukasubiri. Alafu akaniambia kwa sauti ya chini, "usiuangalie mkono, angalia ukutani, tafuta kwa kidole." Nikabonyeza bonyeza mpaka nikakuta kitu kinabonyea na kurudi kama mpira. Kuchoma akachoma yeye, maana ukikosa mara mbili unampisha mwenzako, damu ikarudi mara moja kwenye kanula, kile kijibomba kinachobaki mshipani, na akiwa anabandika plasta akamwambia mzee, "mshipa ameupata huyu."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo nilibaki nayo. Kufundisha mshipa wengi wanaweza, ila kumrudishia mtu heshima yake mbele ya mgonjwa ni wachache.

Sasa cha ajabu, miaka baadaye nilipomwambia, hakukumbuka. Hata kidogo. Na hapa kuna kitu cha kuelewa kuhusu watu waliobobea. Patricia Benner, nesi na mtafiti wa Marekani, mwaka 1984 alielezea hatua 5 anazopita nesi toka mgeni wa kazi mpaka mbobezi, na huyo wa hatua ya mwisho haendi tena kwa kanuni moja moja, anaiona hali nzima kwa mkupuo. Ndo maana ukimuuliza "ulijuaje kama mgonjwa anabadilika kabla hata vipimo havijashuka?" anakujibu "nilimwona tu." Hakufichi, kwake imeshakuwa kama kupumua. Na namna anavyowabeba wenzake iko vile vile, anafanya bila kuhesabu. Kwa hiyo ukimshukuru unamuonyesha kitu alichokifanya ambacho yeye mwenyewe hakukiona, wewe uliyekuwa unazama usiku ule ndo shahidi, hakuna mwingine.

Ujumbe wenyewe uwe na vitu vitatu: alifanya nini, wewe ulikuwa kwenye hali gani, na nini kimebadilika toka siku ile. Mimi nilimwandikia hivi:

"Sista, ile usiku uliponiambia nitafute mshipa kwa kidole alafu ukamwambia mgonjwa nimeupata mimi, nilikuwa nimeshaamua asubuhi naenda kuomba kuhamishwa. Sikwenda. Na toka siku ile sitafuti mshipa kwa macho."

Basi, imeisha. Usipambe. Ukianza kumwita malaika na shujaa unamkimbiza, malaika hachoki wala hadai likizo, huyu anachoka na miguu inamvimba. Na angalieni jamani, shukrani yenu isiwe na jina la mgonjwa, namba ya kitanda, wala picha ya wodini yenye faili linasomeka kwa nyuma. Nimeona watu wanaposti mambo hayo kwa upendo kabisa na siri ya mgonjwa inakwenda na maji.

Ukishamwambia yeye, peleka kwa maandishi kwa mtu mwenye maamuzi. Hapa ndo wengi tunakwama, tunamsifia chai ikinywewa, tunamsifia kwenye grupu la WhatsApp, ila matroni anayeandika tathmini hajui chochote. Andika barua fupi, nusu ukurasa inatosha, uombe iwekwe kwenye faili lake. Taja mambo yanayohesabika: amewaelekeza manesi wapya wangapi, ni yeye aliyekaa na nani kupiga hesabu za dawa mpaka akaelewa, ni nani alikuwa hawezi kukabidhi ripoti ya zamu bila kubabaika na sasa anaweza. Barua tatu za wenzake zikiwa kwenye faili, siku ya kupandishwa daraja ana cha kusimamia.

Kama hospitali yenu ina tuzo, mpendekeze, na usichukulie fomu kama adhabu. Ile tuzo ya DAISY kwa mfano ilianzishwa mwaka 1999 na familia ya Barnes huko Marekani baada ya kijana wao Patrick kufariki akiwa na miaka 33, wakawa wanatafuta namna ya kuwashukuru manesi waliomhudumia. Wagonjwa, ndugu na hata wafanyakazi wenzake wanaruhusiwa kupendekeza jina, na kinachotumwa ni kisa cha alichofanya huyo nesi. Mshindi anapewa kinyago cha mawe kilichochongwa kwa mkono na wachongaji wa Kishona wa Zimbabwe. Kwa hiyo tunarudi pale pale, ukikosa tukio fomu yako inabaki na maneno "mchapakazi, mcheshi, anajituma" kama wengine wote.

Siku ya Wauguzi Duniani ni tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Nzuri, tusherehekee, ila siku hiyo kila nesi anapata salamu ile ile na yako itamezwa humo. Mpe Jumanne yoyote isiyo na maana.

Haya, niwasimulie nilivyoharibu. Sehemu moja niliyofanya kazi tulimwandalia Sista mmoja cheti kwa kuwafundisha wanafunzi wa vitendo, mimi nikiwa kwenye kamati. Tukapanga saa 3 asubuhi kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi muda huo. Hatukuangalia rosta. Mama wa watu alitoka zamu ya usiku, akakaa kwenye kiti cha mbele na sare yake, mgeni rasmi akachelewa, hotuba ikawa ndefu, na kufungua cheti jina limekosewa herufi. Alitabasamu kwenye picha macho mekundu. Nilimuona akitembea kwenda getini cheti amekikunja mara mbili kukitia kwenye pochi, na mpaka leo nikikumbuka ile mikunjo nasikia aibu. Kwa hiyo: angalia rosta, muulize mtu wake wa karibu anapenda mambo ya hadharani au hapendi, hakiki jina lake lilivyoandikwa kwenye kitambulisho.

Zawadi ya kununua sio lazima. Kumshikia zamu yake ya wikiendi bila kudai irudishwe inazidi kikombe chenye maandishi. Kumwambia "nenda kaegeshe miguu, hawa wagonjwa wako wanne nawaangalia mimi," na kweli uwaangalie, usimpigie simu baada ya dakika tano kumuuliza kanula ziko wapi.

Kama wewe ndo inchaji, hapa nakusema wewe moja kwa moja. Asante ya punda ni mateke, na hospitalini mateke yenyewe yanakuja hivi: kwa kuwa unafundisha vizuri basi chukua wanafunzi wote, chukua na manesi wapya, na idadi ya wagonjwa wako ibaki vile vile. Huyo mtu tunamuua kwa sifa. Siku ana mwanafunzi mpunguzie wagonjwa na iandikwe kwenye rosta kwamba yuko na mwanafunzi, kwa sababu kufundisha kunakula muda, dawa ya dakika mbili inakuwa ya dakika kumi ukiwa unaeleza kila hatua. Mpeleke yeye kwenye semina, sio kila mara wale wa ofisini. Na ukibadilisha utaratibu wodini muulize mapema, sio ukishabandika tangazo ukutani.

Alafu kuna hii ya bure kabisa, ukitumia alichokufundisha mtaje jina. Mwezi uliopita kuna binti mpya kwetu alikuwa ameinamia mkono wa mgonjwa pua inakaribia kugusa ngozi. Nikamwambia aangalie ukutani, atafute kwa kidole, akaupata, akachoma mwenyewe. Nikamwambia hii sio yangu, nikamtajia ni ya nani. Jioni nikamrekodia Sista sauti kumsimulia yote, ashastaafu sasa, nikawa nasubiri atajibu nini.

Akajibu: "Plasta aliibandika vizuri lakini?"