Tope la karo shambani: kuikinga mboga na kadimi na risasi

Tope lililonyonywa karoni, yaani kwenye shimo la maji machafu ya choo, lina naitrojeni na fosforasi nyingi, na kwa mkulima wa udongo wa kichanga, Unguja au Pemba, ni mbolea ya maana. Taabu ni kuwa karo hupokea kila kitu, na madini mazito yenye sumu, kama kadimi na risasi (ledi), yakishaingia hayaozi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: tope huwekwa miezi sita, harufu ikaisha, mtu akaliona limesafika. Vijidudu hupungua kweli, lakini madini hubaki yote. Tope lenye miligramu 4 za kadimi kwa kilo kavu, likioza hadi nusu ya uzito wake, kila kilo itakuwa na 8.

Kwa hiyo anza na chanzo. Muulize dereva wa gari la kunyonya amelitoa wapi. La nyumba za kuishi linafaa kupimwa. La gereji au la wachaji betri likatae, hata ukipewa bure, na kama yamechanganywa ndani ya gari moja, lihesabu lote kuwa la gereji.

Udongo nao upimwe kabla. Chota sehemu 15 za shamba, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati usitumie, maana imepakwa zinki na majibu yatapotoka. Anika kivulini, kisha peleka nusu kilo maabara ukaulize kadimi, risasi, zinki, shaba, nikeli na pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo. Sheria ya Ulaya ya 1986 huweka mwisho wa kadimi udongoni kati ya miligramu 1 na 3 kwa kilo. Ukifika 1, twashauri usitie tope tena.

Kipimo cha tuta la mita 1 kwa 10 ni kilo 5 za tope kavu. Kujua ukavu, pima kilo 1 ya tope bichi, ianike juani mpaka uzito uache kushuka. Ikibaki gramu 200, basi tuta hilo linahitaji kilo 25 za bichi. Kwa tope lenye miligramu 5 za kadimi kwa kilo, kipimo hicho huongeza takriban miligramu 0.01 kwa kila kilo ya udongo kila ukitia. Ni kidogo, ila hakitoki, kwa hiyo andika daftarini kila mara.

pH ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Chini ya 6, kadimi huyeyuka na mizizi huinywa, 6.5 kwenda juu hushikwa na udongo. Uwanda wenye mawe ya matumbawe una chokaa yake ya asili. Kichanga ndicho cha kuangaliwa: tia chokaa gramu 100 kwa mita mraba, wiki tatu kabla ya tope, kwa sababu vikitiwa pamoja naitrojeni hupotea hewani kama amonia. Pima tena baada ya wiki sita.

Kisima chenye maji ya chumvi pia huleta hasara isiyoonekana. Kloraidi hushikana na kadimi na kuipeleka kwenye mizizi, hata pH ikiwa nzuri.

Mchicha, spinachi na saladi hubeba kadimi nyingi majanini, kwa hiyo usivipande kwenye tuta la tope. Risasi kwa kawaida hukwama mizizini. Ile ya majani hutoka zaidi kwa vumbi na matope yanayorushwa na mvua, hivyo kuosha vizuri husaidia. Kadimi iliyo ndani ya jani haioshwi wala haichemki ikatoka. Kiwango cha juu cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimi kwa kilo na 0.3 za risasi.

Panda mahindi au migomba, kwani punje na matunda hupokea kidogo. Mabua ya shamba lililozidi kiwango usimpe ng'ombe: kadimi hujikusanya kwenye maini na figo zake.