Jinsi ya kushiriki utafiti wa saikolojia ya afya mtandaoni bila kujiweka hatarini

Kazi yangu ya kila siku ni kuandaa madodoso ya utafiti wa saikolojia ya afya na kuyapitia majibu yanaporudi. Taaluma hii huchunguza jinsi mawazo, hisia na mazoea ya mtu yanavyogusa afya yake: kwa nini mgonjwa huacha dawa katikati ya dozi ilhali anajua zinamfaa, msongo wa mawazo huharibuje usingizi, anayetaka kuacha sigara hukwama wapi. Mambo hayo hayaonekani kwa hadubini wala kwenye kipimo cha damu. Lazima mtu aulizwe, naye aseme, na mtu hasemi yaliyomo moyoni mahali asipojiona salama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kujilinda kabla hujajibu swali hata moja.

Hatua ya 1: Mjue anayekuuliza

Mwaliko huja kwa barua pepe, kwenye makundi ya ujumbe, au kupitia tovuti zinazokutanisha watafiti na washiriki. Usikimbilie kubofya kiungo. Tafuta kwanza jina la mtafiti mkuu, taasisi yake, na kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti huo pamoja na namba ya kibali. Kisha fungua tovuti ya taasisi kwa kuandika anwani yake mwenyewe, umtafute mtafiti humo. Usipomwona, iandikie idara uulize. Mtafiti wa kweli hakasiriki akiulizwa yeye ni nani. Mimi huulizwa mara kwa mara na hufurahi.

Kamati hizi zina historia chungu. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli kuhusu ugonjwa wao, na wakaendelea kuwanyima tiba hata baada ya penisilini kuwa dawa inayojulikana na kupatikana. Azimio la Helsinki la Jumuiya ya Madaktari Duniani, linaloeleza maadili ya kuwafanyia watu utafiti, lilitoka 1964, na marekebisho yake ya 1975 yakataka mpango wa utafiti upitiwe na kamati huru. Kwa hiyo unapoitafuta namba ya kibali, unadai kitu ambacho watu waliumia kabla hakijakuwepo.

Utafiti halali haukuombi nywila, namba ya siri ya benki, wala ada ya kujisajili. Ukikutana na mojawapo, funga ukurasa.

Hatua ya 2: Soma fomu ya ridhaa hadi mwisho

Najua watu huishusha haraka hadi kwenye kisanduku cha “nakubali”, maana naona muda waliotumia kwenye ukurasa huo: sekunde sita, sekunde tisa. Tafadhali usifanye hivyo. Humo ndimo mlimoandikwa utaulizwa nini, itachukua muda gani, data itatunzwa wapi na kwa miaka mingapi, nani mwingine ataiona, na ukikwazika umwandikie nani.

Sehemu inayowachanganya wengi ni tofauti kati ya kutojulikana na kutunziwa siri. Utafiti ukisema majibu hayana utambulisho, maana yake hata mtafiti mwenyewe hawezi kujua safu ipi ya majibu ni yako. Ukisema majibu yatakuwa siri, maana yake anajua au anaweza kujua, ila ameahidi kutokutaja. Vyote viwili ni halali, lakini matokeo yake kwako hayafanani. Katika ule wa kwanza, ukishabonyeza “tuma”, huwezi tena kuomba majibu yako yafutwe, kwa sababu hakuna njia ya kuyatambua. Katika ule wa pili unaweza kuomba, na fomu ikueleze mwisho ni lini. Baadhi ya tafiti huchukua njia ya kati: unajitungia msimbo, mathalani herufi mbili za jina la mama na tarehe uliyozaliwa. Uandike mahali. Nimeshapata maombi ya watu waliotaka kujitoa na msimbo wameusahau, nikashindwa kuwasaidia, na iliniuma.

Angalia pia kama fomu inataja anwani ya intaneti ya kifaa chako. Mifumo ya madodoso inaweza kuirekodi mtafiti asipoizima, na ni haki yako kuuliza kama imezimwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la pekee linalodai ulinzi zaidi. Popote ulipo, ulizia sheria inayofuatwa. Halafu hifadhi nakala ya fomu, hata kama ni picha ya skrini tu.

Hatua ya 3: Hakikisha unastahili

Maswali ya mwanzo huchuja: umri, hali fulani ya afya, lugha. Usidanganye ili uingie, hata kama kuna malipo. Utafiti wa watu wenye kisukari uliojaa wasio na kisukari utamfikia daktari siku moja kama ushauri usio sahihi kwa mgonjwa wa kweli.

Hatua ya 4: Tafuta faragha

Kaa mahali ambapo hakuna anayechungulia skrini. Hili nalisisitiza hasa kwa maswali ya ndoa, pombe, chakula na uzito, kwa sababu jibu hubadilika mtu mwingine akiwa chumbani, hata asiposoma. Usitumie kompyuta wala barua pepe ya kazini. Ikiwa simu mnaitumia watu wawili, fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari. Na kama kuna zoezi la kupima wepesi wa kubonyeza vitufe, tumia kifaa walichokutajia na uzime arifa zote, kwani tofauti tunazozitafuta hapo ni za sehemu ndogo za sekunde.

Hatua ya 5: Jibu kwa kuhesabu, usikisie

Hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Nichukue mfano wa PHQ-9, dodoso la dalili za sonona lililochapishwa 2001 na ambalo huenda ukakutana nalo. Lina maswali tisa, yote yakihusu wiki mbili zilizopita, na kila moja lina majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu ni 27.

Tuseme umeulizwa kuhusu usingizi, na jana usiku ulikesha. Kichwa kikiwa kizito namna hiyo, kidole kitakwenda chenyewe kwenye “karibu kila siku”. Ngoja kidogo. Fungua kalenda, rudi siku kumi na nne nyuma. Juzi ulilala vizuri. Wikiendi ulilala vizuri. Wiki ile nyingine ulikosa usingizi siku mbili, wiki hii tatu. Jumla tano. Nusu ya kumi na nne ni saba, kwa hiyo tano ni “siku kadhaa”. Ukikuta ni nane au zaidi, umevuka nusu, na usione haya kuweka alama hapo. Kuhesabu hivi huchukua nusu dakika, na huniondolea kosa ambalo hesabu zangu zote za baadaye haziwezi kulirekebisha.

Halafu kuna maswali yaliyogeuzwa. Kipimo cha msongo cha Cohen na wenzake, cha 1983, kina toleo la maswali kumi, na manne kati yake yameandikwa kwa upande wa mazuri: kama ulijiona unayamudu mambo yako, kwa mfano. Anayeweka “mara nyingi sana” kuanzia juu hadi chini anatuambia kwa pamoja kwamba amelemewa kabisa na kwamba hajalemewa. Safu ya namna hiyo mara nyingi huishia kuondolewa, hata kama mwenyewe alikuwa na jambo zito la kusema. Soma kila swali kama jipya. Utakuta pia swali lisilohusiana na chochote, linalokuambia uchague jibu fulani. Hilo lipo kuhakikisha kuna mtu anayesoma, maana siku hizi programu za kompyuta nazo hujaza madodoso.

Jibu la katikati, “sikubali wala sikatai”, ni kwa ajili ya aliye katikati kweli. Kama swali hulielewi au hutaki kulijibu, liruke au chagua “sipendi kujibu” ikiwepo. Nafasi tupu naijua namna ya kuishughulikia. Jibu la kubahatisha silioni hata kidogo.

Na lile kubwa: usijipambe. Watu husema wanafanya mazoezi zaidi ya wanavyofanya na wanakunywa pungufu ya wanavyokunywa, nadhani kwa sababu ukurasa wa maswali huwakumbusha mtihani. Mimi sikusahihishi. Mgonjwa anayeandika “nimeruka dawa mara nne wiki hii” ananisaidia kuliko wote, kwa sababu kupitia yeye tunajua dawa hurukwa lini na kwa nini.

Hatua ya 6: Swali likikugusa jeraha, simama

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Liko hapo kwa sababu nzuri, lakini ulielewe jambo hili: usichukulie kwamba kuna mtu anasoma jibu lako usiku huohuo. Katika utafiti usio na utambulisho, huenda safu yako ikafunguliwa baada ya wiki kadhaa, na hata hapo hakuna anayejua akutafute wapi. Kwa hiyo kama mawazo hayo unayo, usiliachie dodoso kazi ya kukuombea msaada. Funga ukurasa, mpigie mtu unayemwamini, au huduma ya dharura ya mahali ulipo, sasa hivi. Utafiti utabaki.

Hata kwa huzuni ndogo kuliko hiyo unaruhusiwa kusimama. Kujitoa katikati hakuhitaji sababu wala radhi.

Hatua ya 7: Ukiwa kwenye utafiti wa siku nyingi

Baadhi ya tafiti hukutumia maswali mafupi mara kadhaa kwa siku, ili wasitegemee kumbukumbu. Jibu pale simu inapolia. Ukikosa, acha ipite. Nimewahi kuona shajara ya usingizi ya siku saba iliyojazwa yote ndani ya dakika kumi na moja, jioni ya siku ya mwisho. Mfumo hurekodi saa. Siku nne za kweli zenye mapengo zingefaa zaidi.

Ikiwa ni jaribio la programu ya kusaidia afya, unaweza kupangwa kwa bahati nasibu kwenye kundi linganishi, yaani lisilopewa programu hiyo, au la wanaosubiri zamu. Wengi huvunjika moyo na kutoweka. Nawaomba wabaki, maana bila wao hatuwezi kujua kama nafuu ya kundi lililopewa programu imetokana na programu hiyo au na siku kupita tu.

Hatua ya 8: Baada ya kutuma

Soma ukurasa wa mwisho. Wakati mwingine lengo kamili hufichwa mwanzoni ili lisielekeze majibu, na hapo ndipo linapofunuliwa. Ukiona hukutendewa haki, andikia kamati ya maadili moja kwa moja, si mtafiti. Kama kuna malipo, barua pepe yako ichukuliwe kwenye fomu nyingine isiyoungana na majibu.

Ukioneshwa alama yako, usiichukue kama ugonjwa uliothibitishwa. Madodoso haya huchuja tu. Kama alama iko juu, ipeleke kwa mhudumu wa afya azungumze nawe ana kwa ana.

Mwisho, omba muhtasari wa matokeo. Sentensi moja yatosha: “Nilishiriki utafiti wenu, naomba matokeo yakitoka mnitumie kwa lugha nyepesi.” Tuma kwa anwani iliyo kwenye ile nakala ya fomu uliyoihifadhi.