Tabia zinazodhoofisha kinga ya mwili: pa kuanzia kurekebisha, kwa wakazi wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Usibadilishe kila kitu Jumatatu moja. Shika hatua moja wiki mbili, ikizoeleka ongeza nyingine. Zile chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa stendi ziache. Hela hiyo inunue mboga.

Hatua ya 1: Usingizi

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Asiyelala vya kutosha hupata mafua kirahisi, na hata chanjo haimshiki vizuri. Wavuvi wa dagaa ndio wenye kazi hapa: usiku wa giza wako ziwani na taa, asubuhi mwaloni, mchana wanasinzia kidogo kidogo. Ukishashusha mzigo, lala kipande kimoja kirefu, dirisha limezibwa kwa kitenge kizito, simu imezimwa. Mbalamwezi ikitoka na taa haivuti tena dagaa, lala usiku. Wengi siku hizo huzimalizia kwenye bia, na pombe hukatakata usingizi.

Hatua ya 2: Sufuria

Dagaa ni chakula kizuri cha kinga, maana huliwa mzima na mifupa yake. Kinachowakimbiza watu ni mchanga. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5, kisha wainue kwa mikono uwahamishie bakuli jingine. Usimwage maji pamoja nao, mchanga utarudi juu yao. Rudia mara tatu.

Mchicha au matembele yaoshe kabla ya kukata. Ukiosha baada ya kukata, vitamini C inaondoka na maji. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia mboga, funika dakika 3 hadi 5, epua ikiwa bado kijani. Mafuta hayo ndiyo yanayousaidia mwili kufyonza vitamini A. Magadi usitie: mboga italainika, ila vitamini C na B1 zitaharibika. Kamulia limau mezani, si jikoni.

Hatua ya 3: Chai

Chai pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasifyonzwe. Ngoja saa moja. Sukari isizidi vijiko 6 vya chai kwa siku, na soda moja ya mililita 300 peke yake inavipita.

Hatua ya 4: Maji ya ziwa na moshi

Kuoga ziwani ni kualika kichocho, ugonjwa unaoumaliza mwili polepole. Chota maji, yafunike kwenye pipa siku mbili nzima, ndipo uoge. Vijidudu vyake vitakuwa vimekufa. Si ya kunywa hayo, ya kunywa chemsha. Jiko la mkaa liwashie nje, na usilale nalo ndani hata kukiwa na baridi: hewa yake huua. Moshi, wa kuni au wa sigara, huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa.

Hatua ya 5: Vidonge vya kujinunulia

Mafua ni virusi, amoksilini haiyagusi. Inaua bakteria wazuri wa tumboni na kuwafundisha wabaya usugu.

Ukikohoa wiki mbili, ukipungua uzito bila sababu au homa ikirudi rudi, usiendelee na hatua hizi peke yake. Nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu, sukari na VVU.