Mtoto akikuganda ukisuka ukili (utepe wa kushonea mkeka)

Usimfukuze. Mpe miyaa mifupi iliyobaki, yaani majani ya kusukia, ila ilowanishe kwanza. Ikiwa mikavu huvunjika, na kingo zake hukata vidole. Mwanzishie mitatu tu, kama msuko wa nywele, ncha umfungie kwenye mguu wa kiti ili mikono yote miwili iwe huru. Badala ya "juu, chini", mwambie nyoka huyu anapita chini ya daraja, yule anaruka. Rangi mbili husaidia sana. Wangu alisuka kitu kimejikunja kama mkia wa kinyonga, akasema ni barabara ya kwenda mwezini. Nilitaka kukifumua nikinyooshe (mkono wa msusi hauvumilii!), nikajizuia. Kesho yake akaja mwenyewe kuomba miyaa mingine, eti barabara imefika mtoni.