Jinsi ya Kusoma Mwaka wa Tarakimu Mbili kwenye Hifadhidata

Tarehe iliyoandikwa 15-03-62 haina karne ndani yake. Aliyeijaza aliijua, fomu haikuiuliza, na programu itakayoisoma leo italazimika kuikisia. Unapohamisha data, hakikisha kwamba makisio hayo unayafanya wewe mwenyewe, kwa kanuni iliyoandikwa, kwa maana kila hifadhidata ina kanuni yake na kwa kawaida huitumia bila kukuonya.

Uchukue huo mwaka 62. MySQL huzihesabu 70 hadi 99 kuwa miaka ya 1970 hadi 1999, na 00 hadi 69 kuwa ya 2000 hadi 2069, kwa hiyo itakupa 2062. PostgreSQL, ukitumia to_date (amri ya kugeuza maandishi kuwa tarehe) yenye YY, alama ya mwaka wa tarakimu mbili, huchagua mwaka ulio karibu zaidi na 2020, nayo pia itatoa 2062. SQL Server, kama hakuna aliyeugusa mpangilio wake wa awali, ina kikomo cha 2049, yaani mwaka wa mbali zaidi inaoweza kuutoa kwenye tarakimu mbili, na itasoma 1962. Kwa Oracle yote yanategemea herufi mbili unazoandika kwenye muundo wa tarehe: YY huchukua karne ya sasa na kutoa 2062, ilhali RR hutoa 1962. Kulisoma faili kwanza kwa Python, lugha ya kuandikia programu, hakukuokoi, kwani %y, alama yake ya mwaka wa tarakimu mbili, ina mpaka wake kati ya 68 na 69, hata mwaka 69 ukawa 1969 kwa Python na 2069 kwa MySQL. Mtego ninaouona kuwa mbaya kuliko yote ni kuandika YYYY, alama ya mwaka wa tarakimu nne, mahali penye tarakimu mbili, kwa kuwa Oracle na PostgreSQL zitakuhifadhia mwaka 0062, na skrini inayoonyesha tarakimu mbili za mwisho tu itaendelea kuonyesha 62 kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo anza kwa kuyapakia maandishi kama yalivyo, katika safuwima ya aina ya maandishi, na usiifute hata baada ya kazi kukamilika. Kosa likigunduliwa miaka miwili baadaye, hapo ndipo patakapokuwa na ushahidi wa kilichoandikwa awali. Hakikisha pia mpangilio wa siku, mwezi na mwaka, maana 03/04/05 inasomeka kwa zaidi ya njia moja, na kanuni ya karne haiwezi kulitatua hilo.

Kisha uamue dirisha la miaka mia moja, yaani mwaka wa kwanza na wa mwisho ambamo kila namba ya tarakimu mbili ina mwaka mmoja tu, kwa kila safuwima peke yake, kwa kuzingatia maana yake. Tuseme unahamisha orodha ya wanachama wa SACCOS iliyotolewa mwaka 2024. Tarehe ya kuzaliwa haiwezi kupita tarehe ya orodha, kwa hiyo namba iliyozidi 24 ni ya miaka ya 1900. Kama masharti ya chama yanamtaka mwanachama awe ametimiza miaka 18, dirisha linasogea hadi 1907–2006, na wengi waliokuwa na utata wanapata karne yao. Katika PostgreSQL, kanuni hiyo huandikwa hivi:

SELECT to_date(left(tarehe_ghafi, 6) ||
CASE WHEN right(tarehe_ghafi, 2)::int > 6 THEN '19' ELSE '20' END ||
right(tarehe_ghafi, 2), 'DD-MM-YYYY') FROM wanachama_ghafi;

Namba 6 imetokana na mwaka wa orodha, wala si mwaka wa leo. Ukiifunga kanuni kwenye tarehe ya leo, faili lilelile likipakiwa tena mwaka 2031 litatoa majibu tofauti, na utahangaika kutafuta chanzo.

Rekodi zinazoangukia ukingoni, kama mwanachama anayeonekana kuwa na umri wa miaka 110, zitenge zikaguliwe na mtu. Wakati mwingine rekodi yenyewe ina ushahidi: 29-02-00 ni ya 2000, kwa kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu, na kama siku ya juma iliandikwa, inatosha kuamua, kwani tarehe ileile katika 1925 na 2025 haiangukii siku moja ya juma.

Tarehe za mbele zinahitaji dirisha jingine kabisa. Mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine hubeba tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha muda, zote kwa mwaka wa tarakimu mbili. Ya kwanza hutazama nyuma na ya pili hukaa karibu na mwaka wa kutolewa. Mpangilio mmoja wa seva nzima hauwezi kuzitumikia zote mbili, ndiyo maana sishauri kubadilisha kikomo cha SQL Server kama tiba.

Mwishowe, weka kizuizi (CHECK) kwenye jedwali jipya, yaani sharti ambalo hifadhidata hulikagua kabla ya kuikubali rekodi. Usikifunge kwenye tarehe ya leo, kwa sababu Oracle na MySQL hazikubali CHECK inayotegemea saa ya mfumo. Linganisha safuwima kwa safuwima:

CHECK (tarehe_kuzaliwa >= DATE '1900-01-01' AND tarehe_kuzaliwa <= tarehe_kusajiliwa)

Sharti la kwanza litaukataa mwaka 0062, na la pili litaukataa 2062, alimradi tarehe ya kusajiliwa imeandikwa kwa tarakimu nne na safuwima zote mbili zimewekewa NOT NULL, sharti linalokataza kuziacha tupu, kwani CHECK huiruhusu rekodi ipite pale thamani inapokosekana.