Somo: Kupanga kurasa za jarida la shule, kuanzia penseli hadi steshenari

Habari zenu wanaklabu. Kurasa nilizoletewa wiki hii zina habari nzuri kuliko zinavyoonekana. Ile ya kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, imeandikwa na mtu aliyekaa na akina mama wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, mpaka wakamzoea. Lakini ukifungua kurasa zake, jicho halijui lianzie wapi. Picha tano zinalingana ukubwa, vichwa vitatu vinagombana, bluu imejaa kila kona. Nitatumia kurasa hizo hizo kama mfano.

Hatua ya 1: Kunja karatasi kabla ya kuwasha kompyuta

Chukua karatasi nne za A3, zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine. Hilo ni jarida la A4 lenye kurasa 16. Andika namba za kurasa kwa penseli, kisha zitenganishe. Utaona ukurasa wa 1 umelala pamoja na wa 16, wa 2 na wa 15. Jumla ni 17 kila mara. Ndiyo sababu idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, na ukurasa mmoja wa ziada hauna pa kukaa, hata ukiwa wa salamu za mkuu wa shule. Kurasa za 8 na 9 ndizo pekee zinazotazamana zikiwa kwenye upande mmoja wa karatasi ile ile. Picha kubwa ya kuvuka katikati iweke hapo. Kwingine kokote, nusu mbili za picha zinaweza kupishana zikishabanwa pini.

Hatua ya 2: Chora safu

A4 ina upana wa milimita 210. Acha pambizo, yaani ukingo usioandikwa, ya 18 upande wa ndani na 17 upande wa nje, zinabaki 175. Weka safu tatu, kila moja milimita 55, na nafasi ya 5 kati ya safu na safu. Picha itachukua safu moja, mbili (milimita 115) au zote tatu. Isiwe safu moja na robo. Maandishi ya habari yawe pointi 10, mstari hadi mstari pointi 13. Fonti mbili zinatosha jarida zima.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja kitawale

Katika zile picha tano, moja inaonyesha chanja za kuanikia dagaa zikiwa tupu, zimepangana kuelekea majini, na kuku mmoja anapekua chini yake. Msimu mwingine kuku huyo angefukuzwa mara ishirini kwa siku. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Ipe safu zote tatu na nusu ya ukurasa. Picha ya mama aliyehojiwa ichukue safu moja, karibu na maneno yake. Tatu zilizobaki toa. Najua mpigapicha ataumia, lakini ile moja sasa inaonekana.

Picha ya kuchapwa inahitaji pikseli 300 kwa inchi. Kwa upana wa milimita 115 ni karibu pikseli 1,360. Ukitumiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa, kwa hiyo mwambie mpigapicha aitume kama dokumenti.

Hatua ya 4: Kichwa, na urefu wa maneno yetu

Hapa naomba mtulie, kwa sababu miongozo mingi ya kupanga kurasa imeandikwa kwa lugha za maneno mafupi. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja: *hawakutuelekeza*, *walivyomngojea*. Kwenye safu ya milimita 55 yanaingia maneno matano hivi kwa mstari. Ukiyalazimisha yanyooke pande zote mbili, kompyuta inatanua nafasi kati ya maneno na ukurasa unatoboka matundu meupe. Nyoosha kushoto tu, kulia kuache kama kulivyo.

Neno likilazimika kukatwa, kata baada ya irabu, jinsi tunavyolitamka. *Wana-ngojea* ni sawa. *Wanan-gojea* humkwaza msomaji. Programu isiyojua Kiswahili itakata hovyo, basi zima ukataji wake na ukate mwenyewe panapobidi.

Kichwa kilichokuja kilikuwa: "Athari za kufungwa kwa shughuli za uvuvi kwa wafanyabiashara wa dagaa mkoani Kigoma." Hicho ni cha ripoti. Tumekifanya: "Ziwa limefungwa, / chanja tupu". Mstari umekatwa pale kwenye alama ya /, kufuata pumzi. Yaliyobaki, tarehe na mahali, yameingia kwenye utangulizi wa mistari miwili chini yake.

Hatua ya 5: Chapa, bandika ukutani, rudi nyuma hatua tano

Kwenye skrini kila kitu kinang'aa. Toa kopi nyeusi na nyeupe, maana ndivyo jarida litakavyotoka, kisha ugeuze ukurasa juu chini. Ukishindwa kusoma maneno, utaona uzito: wapi pamejaa, wapi pana hewa. Sisi tuligundua kijivu nyuma ya dondoo la mama kimemeza maneno yake. Tukakiondoa, tukaweka mstari mmoja juu na mmoja chini.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Shuleni tuna Word tu. Tuache?*

Marahaba. Msiache. Word ina safu. Wekeni tatu na nafasi ya sentimita 0.5. Mkipata kompyuta ya kusakinisha programu, Scribus ni ya bure na imetengenezwa kwa kazi hii. Ila faili ligeuzeni PDF kabla ya kulipeleka steshenari. Niliwahi kupeleka la Word, fonti haikuwepo kwenye mashine yao, na kurasa 12 zikawa 14.

*Mwanachama wa Ujiji: Mama kwenye picha anaangalia nje ya ukurasa. Naweza kuigeuza?*

Usiigeuze, mwanangu. Amevaa kanga, na jina la kanga litasomeka kinyume. Pia si yeye tena: mkono wake wa kulia utakuwa wa kushoto. Mhamishie safu ya upande wa pili, atakuwa anaiangalia habari yake.

*Mwanachama wa Mwanga: Habari imezidi mistari sita. Nipunguze fonti iwe 9?*

Hapana. Msomaji ataona habari moja imenong'onezwa. Tafuta aya zinazoishia na neno moja mstari wa mwisho; punguza maneno mawili kwenye kila aya, na kila moja inakurudishia mstari. Kwenye habari yako nimehesabu aya nne za namna hiyo. Mistari miwili iliyobaki itoke pale uliporudia kwa maneno yako kile ambacho mama alishakisema vizuri zaidi.

*Mwanachama wa Kasulu tena: Picha ifike hadi ukingoni?*

Mashine nyingi za steshenari huacha ukingo mweupe. Kama hamna pa kukatia karatasi, ibaki ndani ya pambizo. Mkiwa napo, izidishwe milimita 3 nje ya ukurasa ndipo ikatwe. Na toeni nakala moja kwanza, mkunje, mpitie kurasa zote 16 kwa namba, ndipo mumwambie atoe zilizobaki.